Karatasi Tatu za Noémie

— Chombo iko na bantu ndani! Sifa ya zamani haizimake moto!

Ukumbi wa shule ulilipuka kwa makofi. Noémie hakupiga. Maneno hayo yalikuwa yake, aliyaandika yeye mwenyewe Jumapili kwenye karatasi tatu, sikio redioni. Na aliyekuwa akiyasoma ni Abner, mchumba wake wa miaka minne.

Ilikuwa Novemba 1998, vita vimewaka mashariki. Walimu wa Kamina walikuwa wakijadili chombo cha Warusi kinachozunguka angani na watu ndani. Kimechakaa, moto umeshawahi kuwaka humo. Je, kistaafishwe kabla ya wakati? Mshindi angekwenda semina Lubumbashi.

"Préfet hataki mwanamuke asemee kule," Abner alikuwa amemwambia. "Nipatie karatasi, nisome tu."

Mapumziko yalipofika, Noémie alimwendea mkuu wa shule, préfet Nicodème.

— Monsieur le préfet, juu ya nini mulikatala banamuke?

— Minyi? Nilikuandika weye wa kwanza! Abner njo alisema uko mugonjwa.

Noémie akageuka. Abner alikuwa mlangoni, anapongezwa.

— Abner! Nilikuwa mugonjwa wa nini?

— Chérie, tutaongea ku nyumba.

— Hapa hapa! Ulimudanganya préfet, ukanidanganya minyi, ukaiba karatasi zangu!

— Nilifanya juu yetu. Bwana akipata, bibi naye amepata.

— Na bibi akipata?

Abner akazikunja zile karatasi, akazitia mfukoni.

— Mwenye karatasi apande! préfet, aliyesikia yote, akaita.

Noémie akapanda jukwaani mikono mitupu.

— Kaka yangu Monga alikuwa askari. Ndege yenye ilimubeba, bote balijua imechoka. Mécanicien, fundi wa ndege, alisema iache kuruka. Bakubwa bakasema: mara moja tena. Ile mara moja njo ilimukula. Sasa munaniuliza kama bantu batoke mu chombo? Batoke leo!

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisimama, mmoja baada ya mwingine.

Jioni Abner alimfuata hadi kwao.

— Nisamehe. Kanisa ilishatangaza ndoa yetu. Bantu batasema nini?

— Batasema ukweli. Ungeniomba nikusaidie, ningekuandikia karatasi kumi. Lakini ulinifunga kinywa, ukasemea ndani yake.

— Noémie, miaka mine!

— Njo maana inaniuma. Enda.

Jumapili pasta alitangaza kwamba ndoa ile haipo tena. Minong'ono ikazagaa. Noémie aliketi benchi la mbele, kichwa juu, barua ya kumwita semina Lubumbashi mkobani.