Jua la Juni Kwenye Uwanda wa Chumvi

Kijijini Wilakollo, juu milimani kusini mwa ikweta, kazi ni chumvi. Kila asubuhi wanaume kwa wanawake hutoka na masepetu yao, wakakwangua chumvi ya uwandani na kuirundika mafungu mafungu ikauke. Fundi wa mafungu hayo alikuwa Eleuterio Huayta. Fungu lake lilisimama kama lililopimwa, na mtu wa kwanza kulisifu alikuwa yeye mwenyewe.

Mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake, Eleuterio alivua miwani yake nyeusi, akaitia ndani ya soksi na kuifungia sandukuni. Wachimba chumvi wote wa Wilakollo walifanya hivyo kila mwaka. Waliitoa tena mwezi wa nane.

"Baba Nilda, vaa miwani," mkewe, Primitiva, alimwambia. "Macho yamekuiva kama nyanya."

"Huo ni upepo tu, mke wangu. Jua limeshakwenda mbali, ndiyo maana tunatetemeka. Wakati wa joto ndipo linapotusogelea. Tena sisi watu wa milimani tuko karibu nalo kuliko watu wote. Sasa limekwenda zake, litanichomaje?"

Binti yao, Nilda, mwenye miaka kumi, alikuwa akinywa supu ya nafaka ya kwinoa huku akisikiliza. Alimwamini baba yake kuliko redio. Jumamosi hiyo alimfuata uwandani, naye akaiacha miwani yake nyumbani.

Jioni alianza kulia.

"Mama, nina mchanga machoni! Unanichoma!"

Hakuweza kutazama hata taa. Wazazi wake walimkimbiza kwenye zahanati. Muuguzi alimpima, akatikisa kichwa.

"Macho yameungua kwa jua. Asiyasugue, na akae pasipo na mwanga. Yatapona baada ya siku chache. Lakini yakiungua hivi mara kwa mara, yataharibika."

"Jua gani la mwezi wa sita?" Eleuterio alinung'unika njiani. Lakini moyo ulimuuma sana. Usiku ule hakula.

Nilda alipona. Primitiva naye akatoa sheria yake. "Huyu mtoto hakanyagi tena uwandani mpaka baba yake avae miwani. Mtoto hufuata anachokiona."

"Mama, na somo letu la sayari?" Nilda aliuliza, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu Zulma atalifanyia uwandani, mbele ya wazazi wote. Mimi ndiye nitakayeieleza dunia!"

Primitiva alimtazama mumewe tu. Eleuterio alikuna kichwa, akaguna, akaenda kufungua sanduku.

"Nitavaa siku hiyo moja, mtoto asikose somo lake. Lakini nisipoona sababu, naivua palepale!"

Siku ilifika. Mwalimu Zulma Colque alimwomba Eleuterio atengeneze fungu la chumvi lenye upana wa mita moja. Eleuterio alilitengeneza akalipigapiga mpaka likakaa sawa.

"Ahsante, fundi," mwalimu alisema. "Hilo ndilo jua letu. Sasa watoto watachukua sayari zao na kwenda mbali nalo. Kila mmoja atakwenda umbali unaolingana na ukubwa wa jua hili."

Mtoto mmoja alibeba punje ya pilipili manga, hiyo Utaridi. Mwingine alibeba njegere, hiyo Zuhura. Nilda alichukua njegere nyingine iliyochomekwa sindano. Mirihi ilikuwa dengu. Mshtarii na Zohali vilikuwa viazi vikubwa, na wabebaji wake walitembea mpaka miguu ikauma. Wa Neptuni alikwenda kwa baiskeli na kiazi kidogo, mpaka akaonekana kama nukta.

Wazazi waliwafuata. Walimkuta Nilda zaidi ya mita mia moja kutoka kwenye fungu, miwani usoni, kidevu juu.

"Hii ndiyo dunia," alisema.

"Dunia nzima, njegere?" Eleuterio alicheka. "Na milima yetu iko wapi?"

"Imo, baba, ila haionekani. Kwenye njegere hii ni midogo kuliko vumbi. Sasa geuka utazame jua."

Eleuterio aligeuka. Fungu lake lilikuwa dogo kule mbali. Aliitazama njegere, akalitazama fungu tena.

"Kumbe kukaa mlimani hakutusogezi?"

"Hata kidogo. Tunaungua kwa sababu hewa ya huku juu ni nyepesi, haizuii vizuri miale mikali. Tena chumvi nyeupe inairudisha miale hiyo machoni kutoka chini. Kofia peke yake haitoshi."

"Haya. Lakini mwezi huu jua limekwenda mbali. La sivyo, baridi inatoka wapi?"

"Mjibu mzee wako, mwalimu mdogo!" jirani yao Fulgencio alipaza sauti, na watu wakacheka.

Nilda alimtazama Mwalimu Zulma, lakini mwalimu alimwachia ajibu mwenyewe.

"Baba, shangazi Justa akipiga simu mwezi huu, anasemaje?"

"Joto! Kila siku joto! Yuko Hispania, kule kaskazini, anachuma matunda ya pichi, ati jasho linamtoka mpaka..."

Eleuterio aliitazama njegere tena.

"Jua lingekuwa limekwenda mbali na dunia," Nilda alisema taratibu, "si na shangazi angetetemeka?"

Nilda aliinamisha sindano. "Dunia imeinama hivi. Mwezi huu upande wa shangazi umelielekea jua, upande wetu umelikwepa. Kwetu miale inakuja kwa mshazari, na mchana ni mfupi. Ndiyo baridi. Dunia ikizunguka mpaka upande wa pili, inakuwa zamu yetu ya joto."

"Umbali nao hubadilika, lakini ni hatua mbili tatu tu katika mwendo wote ule," Mwalimu Zulma aliongeza. "Hizo haziwezi kuleta baridi."

"Na ile miale mikali?" Eleuterio aliuliza, sasa kwa sauti ya mwanafunzi.

"Inapungua, baba, lakini haiendi likizo."

"Umekwisha, Eleuterio!" Fulgencio alipiga kelele.

"Nimekwisha kweli!" Eleuterio alicheka. "Jamani, nimeshindwa na njegere!" Akambeba binti yake juu juu mbele ya kijiji kizima.

Tangu hapo aliivaa miwani kila siku, naye alizunguka fungu kwa fungu akiwaeleza wenzake. Kabla mwezi haujaisha, masanduku mengi yalikuwa yamefunguliwa. Msimu ule hakuna mtoto mwingine aliyepelekwa zahanati kwa macho kuungua.

Siku moja dereva wa lori la chumvi alimkuta uwandani, akamcheka. "Miwani nyeusi kwenye baridi hii, mzee? Jua si limekwenda mbali?"

Eleuterio aliliacha sepetu, akamweleza yote: njegere, fungu, hewa nyepesi, chumvi nyeupe, na dunia iliyoinama.

"Lo! Mwalimu wako ni nani?" dereva aliuliza.

"Nimemzaa mwenyewe," Eleuterio alijibu.