Aliyesimama Nje ya Nukta 800

Jioni ile Godelieve alirudi ofisini kuchapisha orodha moja tu. Grupu, ile jenereta ya ofisi, ilikuwa ikizimwa kila siku saa moja kamili. Wakati ule wa vita ya pili, pale mjini Baraka, jenereta ilishika saa za kazi kuliko watumishi.

Ofisi ya kuandikisha wakimbizi ilikuwa na kompyuta mbili, na waraka uliosema nani akae mbele ya ipi. Shefu Isidore, kwa cheo chake, alipewa skrini ya inchi kumi na saba. Kwa kuwa macho yake hayakupandishwa cheo pamoja naye, aliiweka kwenye nukta chache, 640 kwa 480, herufi zikawa nene kama mihogo. Karani Godelieve alikuwa na inchi kumi na nne, akijibana kwa nukta 800 kwa 600. Kupita hapo alikatazwa. Nukta 1024 zilikuwa za wakubwa wa mkoani.

Skrini zote mbili zilibeba picha ileile, kwa amri: Shefu akigawa biskuti kule Nundu, Jumanne iliyopita. Picha ilikuwa kubwa kuliko skrini, nayo imewekwa katikati, kwa hiyo kila mmoja aliona kwa kadiri ya nukta zake. Kwa Shefu alionekana Shefu. Kwa Godelieve walionekana pia wakimbizi waliomzunguka.

Na jioni ile, ukingoni kulia, kulikuwa na mkono.

Vidole vitatu.

Akainamia skrini. Kaka yake Bertin alipoteza vidole viwili kwenye mashine ya kusaga mihogo. Miezi minne iliyopita alikwenda Nundu kumtafutia mama yao dawa, na tangu hapo... kimya. Kila jioni mama alimwuliza Godelieve kama jina limetokea kwenye orodha. Kama Bertin alisimama pale Jumanne, basi alikuwa hai.

Mzee Saleh, mlinzi, aliingia kusema grupu imebakiza dakika kumi. Godelieve alimwonyesha ule mkono. Mzee hakusogea karibu.

"Acha iyo, dada," alinong'ona. "Siku ile bantu balikuwa makumi mbili na kenda. Ni mi nilibahesabu. Shefu akatangaza makumi tatu, juu biskuti inatokaka kwa makumi."

"Na huyu?"

"Kwetu hatuhesabiake bantu kwa sauti. Nafasi yenye kuitwa haibakiake wazi."

Godelieve alimjibu kwamba wafu hawapangi foleni ya biskuti. Mzee akasema katika nchi hii, nani asiyepanga.

Godelieve akauvunja waraka. Akapandisha kipimo: 1024 kwa 768.

Kioo kikawa cheusi. Kikatoa mlio mwembamba, kama mbu sikioni...

Kisha picha ikarudi, ndogo, pana, ikitetemeka. Kisanduku kikauliza kwa Kifaransa kama anataka kubaki na kipimo hiki. Asipojibu, kila kitu kingerudi kilivyokuwa. Sekunde kumi na tano.

Bertin alikuwa amesimama kulia. Shati lake la kijani lilikuwa limelowa, limegandamana na mbavu. Watu wote walimtazama mpiga picha.

Yeye alimtazama Godelieve.

Kumi... tisa...

Chumba kilianza kunuka tope bichi. Alisogeza kipanya hadi kwenye "Oui", ndiyo. Abonyeze tu, kaka yake abaki. Ndipo alipokiona kinywa cha Bertin.

Kilikuwa kimejaa udongo.

Tatu... mbili...

Hakubonyeza. Hakujua kama ameamua, au kidole chake kimekataa chenyewe. Picha ikarudi 800 kwa 600. Ukingoni sasa kulikuwa na mkono, bega, na sikio moja.

Alikuwa amesogea.

Shefu Isidore aliingia kwa furaha, karatasi mkononi. Ujumbe wa redio kutoka mkoani: boti ijayo italeta chakula kwa makundi ya hamsini, na kundi lisilotimia halitapata kitu. Kwa hiyo pale penye thelathini paandikwe hamsini, upesi, kabla ya grupu kuzimwa.

Godelieve alimwambia watu walikuwa ishirini na tisa. Akamwonyesha ukingo wa picha. Shefu aliinama, akakodoa macho, akasema picha imetoka vizuri, watu wamejaa.

"Namba haiumake muntu, mama Gode. Andika."

Alimtafuta Mzee Saleh kwa macho. Mlango ulikuwa wazi, mzee hakuwepo. Akiandika, angeita nafasi ishirini nyingine. Asipoandika, wale ishirini na tisa walio hai wangelala njaa. Na mama alikuwa nyumbani, akisubiri jina.

Akaandika 5.

Akaandika 0.

Grupu ikakohoa, ikanyamaza. Skrini ikafifia hadi kikabaki kitone kimoja cheupe katikati, nacho kikafa. Gizani Shefu aliendelea kueleza faida za namba zilizotimia, kwa sauti ya mtu anayesoma waraka.

Upande wa kulia, pale picha ilipoishia, nyayo zilianza kuburuzika sakafuni. Chap... chap... Nyayo nyingi, bila haraka, kama za watu waliozoea foleni.

Mkono uliolowa ukatua begani kwa Godelieve.

Hakuhesabu vidole.