Aliyeitwa Mara Tatu

Kasia la Eudamo lilikuwa halishiki maji. Mzee Thrasi, aliyeketi nyuma yake, aliliona likizama na kuinuka kavu kama kuni, akajisemea ni jua tu linamchezea macho.

Siku tatu zilikuwa zimepita tangu waikimbie pwani ile. Walikuwa wanatoka vitani, na kwa kuwa ni watu wasiojua kutosheka, wakasimama njiani kupora kijiji. Wanakijiji wakawatoa mbio, na sita hawakurudi. Merikebu ilipoachana na ufuko, nahodha Pelagoni alisimama tezini, nyuma ya chombo, akamwita kila marehemu kwa jina mara tatu, ili roho yake ifuate nyumbani isitangetange ugenini. Wa mwisho kuitwa alikuwa Eudamo, mdogo wake. Mara ya tatu Eudamo akaitikia kutoka majini. Wakampandisha, na Pelagoni akalia kwa furaha, maana alikuwa amemwapia mama yao kumrudisha salama.

"Nahodha," Thrasi alimnong'oneza mchana huo, "mdogo wako hali chakula."

"Ana huzuni."

"Huzuni hainuki matope, bwana wee. Na kondoo wetu je? Akimwona tu anarudi kinyumenyume mpaka kamba inamkaba!"

"Koma, mzee! Nimtupe ndugu yangu kwa sababu ya kondoo?"

Lakini tangu hapo naye akawa anamtazama kwa jicho la pembeni. Walitia nanga kwenye kisiwa, wakachimba shimo, wakamchinja kondoo kwa ajili ya waliokufa, damu ikatiririka shimoni na wote wakageuza nyuso kama ilivyo desturi; ndipo wakasikia mtu anakunywa, polepole kwanza, kisha kwa pupa, kama mtoto aliyeshinda na kiu, na hakuna aliyethubutu kugeuka mpaka Pelagoni alipogeuka na kumkuta Eudamo ameinamia shimo, damu mpaka kidevuni, na ubavuni ana tundu la mkuki lisilotoa hata tone.

"Eudamo... kumbe ulikufa?"

"Kaka, uliponiita mara ya kwanza nilikuwa hai. Nilikuwa nimejificha kwenye matete. Nikaitika, hukunisikia. Nikajitokeza ili mnione, wakaniona wao."

Pelagoni alianguka kifudifudi. Alimpenda mdogo wake, na sasa alimwogopa kuliko kitu chochote. Wakamjengea kaburi la mawe na kusimika kasia lake juu.

"Nitakaa hapa," alisema Eudamo, "ukimwambia mama ukweli."

Pelagoni akaapa, akaondoka bila kutazama nyuma.

Nyumbani, mama yao alitoka mlangoni na unga wa shayiri mikononi, akamwona Pelagoni amerudi peke yake.

"Mdogo wako alikufaje?"

"Vitani, mama. Mstari wa mbele, kwa mkuki. Hakuteseka."

Mama alimtazama usoni, kisha akatazama juu ya bega lake.

"Mbona basi mwenyewe, hapo nyuma yako, anatikisa kichwa?"