Kiganja Kwenye Mtungi

Haya yalimkuta Nyale, beshte yangu. Tulisota naye Garsen, digrii mkononi, mpaka akapata job Kipini, kwenye kituo cha kutotoa samaki wa baharini.

Vifaranga wa samaki hawali kilichokufa. Wanataka vijidudu hai, kila saa chache. Siku moja Nyale alisinzia, hakulisha, vifaranga wote wakafa.

"Boss, shift ilikuwa ya Kadii," akasema bila haya.

Kadii, dada aliyekatwa kidole cha kati na mkanda wa pampu hapohapo kazini, akafutwa.

"Nyale kaka," alimwambia getini, "mkono huu ndio uliowalisha. Utauona tena."

Mwezi haukuisha, Kadii akafariki, tukamzika kijijini kwao, Kulesa. Nyale hata mazishini hakuja. Shenzi kabisa.

Juzi, saa saba mchana, aliingia kulisha vifaranga wapya. Wakifa na hawa, anarudi kusota. Chumba kile hufunikwa plastiki nyeusi, giza totoro hata jua likiwa utosini. Alizima pampu ya hewa, akaelekeza tochi kwenye mtungi wa kioo wa vijidudu, maana hufuata mwanga, ndipo wachotwe.

Ko. Ko. Ko. Ndivyo Kadii alivyokuwa akigonga kioo cha mtungi kabla ya kulisha. Lakini mlio huu ulitoka ndani ya maji.

"Nani huyo? Wacha jokes!"

Vijidudu wekundu walijibandika kwenye kioo, wakafanya kiganja kisicho na kidole cha kati. Nyale akahamishia tochi kushoto, mwenyewe akasogea kulia. Kiganja hakikufuata mwanga. Kilimfuata yeye.