Msimamo wa Selpher

Mji wa Kakamega ulikuwa umelewa pesa za miwa siku ile Selpher Navalayo alipogombana na simu ya posta. Redio mpya zilipiga kelele katika kila duka, na foleni ya simu ilifika barabarani. Selpher, gauni lake la maua ya manjano limemkaa sawasawa, alikuwa akimweleza mfadhili aliyeko Nairobi kwamba chama anachokiongoza, Mwanga wa Mama, kitatamka hadharani kuwa watoto waache kukata miwa, warudi darasani. Laini ikakatika.

"Mimi nilikuwa nasikia vizuri, dada," akasema mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. "Endelea tu."

Alikuwa Shitanda, bwana shamba wa kiwanda cha sukari, suruali yake pana miguuni, viatu vimejaa vumbi la mashamba ya Malava. Selpher alicheka bila kutaka. Mvua ya alasiri iliwakuta wakinywa chai pamoja. Tangu hapo simu ya ofisini ililia kila asubuhi, na sauti ya Shitanda ikamwita "mwenyekiti wangu" mpaka moyo ukamwenda mbio.

Lakini ndani ya chama mambo yalichacha. Akina mama vijana walitaka tamko kali. Wakulima, wakiongozwa na mzee Osundwa, walisema wanatukanwa. Kiwanda, kilichowajengea ukumbi, hakikutaka hata kutajwa. Kisha Selpher akasikia kwamba Shitanda amepeleka mipango ya chama kwa meneja wa kiwanda. Akampigia.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, mpenzi, lakini..."

"Usinipigie tena."

Alilia, akanawa uso, akaenda boma kwa boma kula obusuma, ugali wa kwao, na waliompinga, akiwauliza wanaogopa nini. Wote walimjibu vilevile: lori la kiwanda huja bila taarifa, wakataji hawapo, mzazi hana budi kuwaita wanawe, la sivyo miwa itakaukia shambani.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Selpher alimpa Osundwa nafasi ya kwanza, na mzee akanguruma hadi akaridhika. Ndipo meneja akaingia pamoja na Shitanda. Mbele ya mkubwa wake, Shitanda alieleza kwamba malori hayo yasiyo na ratiba ndiyo yanayowatoa watoto shuleni, na kwamba hilo ndilo alilomwendea meneja, akamsihi aje asikie mwenyewe.

Selpher alihisi uso ukimwaka. Akasimama.

"Tutasema mtoto ni wa darasani," akasema. "Na tutasema kwa nini hayuko. Mzazi hatutamtukana, na kiwanda hatutakificha."

Mikono iliinuka kila upande, wa Osundwa ukiwa wa mwisho. Meneja alitoka bila kuaga.

Nje, katikati ya vigelegele, Selpher alimtafuta Shitanda mpaka akampata.

"Nisamehe. Sikukusikiliza."

"Pengine kesho sitakuwa na kazi," Shitanda akasema. "Utakubali kuolewa na mtu wa namna hiyo?"

"Baba yuko Butere. Nenda na wazee wako Jumamosi," Selpher akamjibu. "Na habari za miwa usizianze kabla hajala."

Akamshika mkono palepale, wazee wa kanisa waliokuja mkutanoni wakitazama.