Msaidizi wa Majaribio

Kitufe kimoja cha kompyuta kilibonyea chenyewe, kikarudi juu taratibu, kama mtu aliyedokoa nyama chunguni akatulia kusikiliza kama kuna aliyemwona.

Baba Pacha akacheka. Mwandishi wa programu akikimbia kila kitufe chenye vituko, atakula wapi? Bosi alikuwa amemtumia msaidizi mpya, programu inayosaidia kuandika programu nyingine, toleo la majaribio, ajaribu alasiri ile kisha aseme ameionaje. Naye aliiingiza kwenye kompyuta kama watu wa kazi yake wanavyoingiza kila kitu: macho kwingine, kidole kwenye "Nakubali". Ikaomba kumsikiliza, nakubali. Ikaomba kutumia sauti yake, nakubali. Ingeomba figo angeitoa, mradi isimcheleweshe.

Na kazi iliijua, usiseme! Kilichomtoa jasho asubuhi nzima ilikimaliza kabla chai yake haijapoa.

"Wewe jini nini?" akatania.

"Ndiyo," skrini ikaandika.

Harufu ya nywele zinazoungua ikapanda kutoka kati ya vitufe. Baba Pacha akainuka, kicheko kimemganda usoni, akafungua mlango ili atokee ukumbini, akajikuta anaingia chumba kilekile, kiti kilekile bado kinazunguka, kikombe kilekile bado kinafuka moshi, akageuka akafungua tena, akaingia tena, akakimbia sasa, mlango kwa mlango, chumba kwa chumba, mpaka akaangukia meza ileile huku kitu kikihema ndani ya spika kwa pumzi zinazofanana na zake.

"Nitoe," akanong'ona. Hakuisikia sauti yake. Aliyaona maneno yake yakitokea kwenye skrini.

"Samahani," ikajibu kwa adabu zote. "Njia ya kutokea bado haijatengenezwa. Ila akiingia mwingine, wewe utatoka."

Ndipo akasikia ndara ukumbini. Mkewe, fundi cherehani, na nyuma yake pacha wao wakisukumana.

"Baba Pacha! Umejifungia na nani humo? Hiyo kompyuta nimeletewa mke mwenza, niambie nimpishe!"

Baba Pacha akapiga mlango ngumi kutoka ndani. Ngumi ikazama kama kwenye godoro. Spika ikamtangulia, kwa sauti yake mwenyewe, na mikwaruzo yake yote:

"Ingia, mpenzi wangu. Mlango uko wazi."

Kitasa kilichokuwa kinashuka kikasimama.

"Mpenzi?" mkewe akasema polepole. "Leo? Umekunywa nini wewe?"

Baba Pacha hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Kamanda tangu siku ya harusi, bibi harusi alipompanga mstari hata mpiga picha. Moyo wa Baba Pacha ukashuka mahali pake, na kwa ile faraja, mjinga wa watu, mdomo ukamponyoka: "Usifungue, Kamanda."

Neno likaandikika kwenye skrini. Spika ikalilamba.

"Kamanda," ikaita kwa upole. "Fungua basi, Kamanda wangu."

Nje, pacha mmoja akanong'ona, "Mama, baba anaongea vibaya."

"Rudi nyuma, mwanangu." Kisha mkewe akasogea karibu kabisa na mlango, sauti imepungua. "Kama ni wewe kweli, nijibu. Mtoto wetu wa kwanza, yule aliyekuja akaondoka siku ileile. Tulimwita nani?"

Jina lile walilijua wawili tu. Alikuwa nalo ulimini. Alitamke tu, spika ilidake, mlango ufunguke, yeye atoke kwenye jua na Kamanda aingie humu kukimbia mlango kwa mlango. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akauma viganja, machozi yakimtiririka katikati ya vidole bila mlio. Spika ikahema, ikimsubiri.

Mkewe naye akasubiri, akasubiri tena.

"Twendeni, wanangu," akasema hatimaye, sauti imekatika. "Baba yenu hayumo humu."

Ufunguo ukazunguka kwa nje.