Mpangaji wa Fleti ya Juu

Sahani ilirudi imeoshwa, na Noel aliiona kabla hata hajaketi.

"Mpangaji wako wa juu ana adabu," alisema mama yake, Mama Yusta, akiipangusa kwa ncha ya kitenge. "Jana nilimwekea mlangoni samaki, migebuka miwili, na ugali wa muhogo. Mtu kila siku peke yake, kimya, kama yuko karantini. Leo asubuhi naikuta sahani hapa kizingitini, imesuguliwa inang'aa. Ishike uone. Ina baridi kama imetoka ziwani."

Noel alicheka, maana hakujua kitu kingine cha kufanya na mdomo wake. Fleti ya juu haikuwa na mtu. Haijawahi kuwa na mtu. Yule mpangaji alimtunga yeye mwenyewe, ili fleti zinunulike.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, na Kigoma ilikuwa imefurika. Vita vya ng'ambo vilimimina watu ziwani kwa maboti na mitumbwi, na nyuma ya watu yakaja magari meupe yenye antena ndefu, na ndani ya magari wenye dola. Chumba cha karani kikawa cha afisa wa shirika la misaada, karani akahamia kwa shemeji yake. Ndipo Mudathir, mfanyabiashara wa Ujiji mwenye mashine za kukoboa, akalimalizia lile pagala lake la ghorofa moja mlimani juu ya mwalo wa Katonga: fleti tano, choo cha ndani kisichojua maji ya bomba, na bei ya kumfanya mtu acheke mpaka ashike ukuta. Milioni kumi na mbili kwa vyumba vitatu! Kwa pesa hiyo Mwandiga ungejenga nyumba mbili na zizi, na ardhi ikabaki yako. Hapa ulipewa karatasi ya kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ardhi ya Mudathir, paa la Mudathir, ngazi za Mudathir. Wewe ulinunua hewa iliyozungushiwa tofali.

Noel alilijua hilo kuliko wote. Alikuwa na digrii ya sosholojia, upper second, na bahasha nzima ya barua zenye sentensi moja: ajira serikalini zimesitishwa. Angeweza kuandika paper ya kurasa arobaini juu ya upuuzi wa zile fleti, na footnotes zake. Badala yake akawa dalali wa fleti hizo hizo.

Na ujanja wa dalali wa mji ule, mwaka ule, ulikuwa mmoja. Hakuna aliyenunua kwa kukagua chumba. Watu walinunua kwa kumkagua jirani. Mtu wa shirika akikaa jengo fulani, basi bei ya jengo hilo imebarikiwa. Kwa hiyo Noel akatundika pazia la maua fleti ya juu, akaacha redio ya betri inaongea ndani, na nje ya mlango akapanga jozi ya viatu. Kigoma nzima watu huvua viatu mlangoni. Ukiona viatu, umeona mtu.

"Tupunguze sauti, jamani," aliwanong'oneza wateja. "Madame amelala. Alikesha kambini."

"Madame nani?" aliuliza mteja wa kwanza, Mwalimu Elinipa, mkaguzi wa shule aliyehamishwa kutoka Moshi.

Jina likamtoka kabla hajalichagua. "Madame Leonia."

Elinipa akanunua. Tabibu mmoja wa kutoka Tabora naye akanunua. Wa tatu alikuja mama yake.

Mama Yusta alikuwa nesi mstaafu, mjane. Aliuza shamba la marehemu mumewe kule Mwandiga, akaongeza kiinua mgongo chake chote, akaja kusimama ukumbini mbele ya Mudathir na Elinipa, akamtazama mwanawe usoni.

"Kweli inafaa, mwana wanje, mwanangu wee? Kwa bei hii?"

Angeweza kumkonyeza. Angeweza kumkanyaga mguu, kukohoa, kusema tutarudi kesho. Lakini Mudathir alikuwa anamtazama.

"Mama, hii ni investment," alisema. "Juu yako anakaa mtu wa shirika, analipa dola. Ukitaka kupangisha, kesho tu wanapigana mlangoni."

Mama Yusta akatia sahihi kwa yale maandishi yake ya wodini, yaliyonyooka kama vitanda.

Sasa sahani imerudi imeoshwa.

Keshokutwa yake alimkuta mama anachambua mchele huku akitabasamu peke yake. "Nimeonana naye huyo Madame wako," alisema. "Saa saba hii hii, ngazini. Mbona hukuniambia ni Mkongomani? Mwembamba, mpole. Ananiita Mama."

"Amevaa nini?" Noel aliuliza, na swali hilo likamshtua mwenyewe.

"Nguo zimemlowa. Nikamwambia, binti, utapata nimonia. Akasema amezoea."

Hakukuwa na mvua. Haikunyesha wiki nzima.

Tangu hapo kila aliporudi mchana kwa mama yake, alikokuwa akilala, kulikuwa na vikombe viwili mezani, na kiti cha upande wa dirisha kilikuwa na maji, na ukumbi ulinuka tope la ufukweni na nguo iliyofichwa ikiwa mbichi. Mama Yusta naye alianza kupoa. Ukimshika mkono kumwamkia ulikuwa kama kushika samaki. Kila siku alipika vya watu wawili. Kila siku Noel alijiambia leo nitamwambia, na kila siku alikula akanyamaza.

Siku ya sita tangu wawili hao wakutane ngazini, aliazima ufunguo kwa Mudathir akapanda juu. Alikwenda saa saba mchana makusudi, jua likiwa utosini, maana alijiambia kwamba msomi haogopi kitu mchana. Mji ulikuwa umelala, hata Katonga chini hapakusikika sauti ya mchuuzi, na alipofika mlangoni akaona vile viatu vya plastiki vyekundu alivyovipanga mwenyewe, ila sasa vilikuwa vimegeuzwa, ncha zikitazama nje, kama vya mtu aliye tayari kutoka, na vilikuwa vimejaa maji. Akafungua. Redio, ambayo betri zake alizitoa mwezi uliopita akazitia kwenye tochi yake, ilikuwa inaongea kwa sauti ya chini, inasoma majina ya watu waliopotezana vitani, fulani binti fulani anatafutwa na dada yake aliyeko kambini, fulani anatafutwa na mumewe, jina juu ya jina bila kupumua, na sakafuni nyayo za miguu mitupu, nyayo mbichi, ndogo, zilianza pale pale alipokuwa amesimama yeye, zikapita katikati ya ukumbi, zikaenda hadi kwenye kona ya nyuma ya pazia, kona ile ile ambayo zamani, jengo likiwa pagala, palitandikwa mkeka, na pazia lile la maua likajaa taratibu mpaka likawa na bega, na shingo, na upande wa uso, wakati hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya.

"Kaka," pazia lilinong'ona. "Wale mgambo wamekwisha kwenda?"

Noel aliteremka zile ngazi bila kuzigusa.

Sauti aliijua. Mwaka mmoja nyuma, Mudathir alimwambia: nisafishie lile pagala, nikupe udalali. Humo alikuwa amejibanza mwanamke mmoja aliyevuka ziwa peke yake, jina lake Leonia, aliyekuwa akimsalimia Noel kila asubuhi na kumwita kaka. Noel hakumpiga. Hakumtukana. Alimwambia tu, kwa upole wa msomi, kwamba mgambo wanapanda mlima kukamata wasio na karatasi na kuwarudisha ng'ambo. Hapakuwa na mgambo yeyote. Mwanamke alitoka mbio, akaacha viatu vyake vyekundu vya plastiki. Akaomba nafasi kwenye boti lililokuwa linakwenda kijiji cha Mwamgongo, upepo ukalipindua boti, na baada ya siku tatu wavuvi wakaleta maiti yake Katonga.

Na Noel alikuwepo ufukweni. Watu waliulizana mara tatu nani anamjua huyu, angalau azikwe na jina lake. Alifunga mdomo. Lile jina alilomnyima kaburini ndilo alilokuja kuuzia fleti.

Asubuhi yake, ya saba, alikwenda kwa Mama Stephania, Mkongomani wa zamani wa Katonga, muuza dagaa aliyejulikana kwa kufukiza majini ya ziwani. Alimkuta anaanika dagaa mchangani. Noel akaanza kueleza kwa kuzungukazunguka, eti kuna rafiki yake ana tatizo.

"Rafiki yako," alisema Mama Stephania bila kuinua kichwa. "Voilà. Miye ndiye nilimuogesha ule mama. Tuliuliza nani anamujua. Na weye ulisimama pale, na shati ya buluu, unaangalia miguu yako."

Noel alitamani mchanga ummeze.

"Mama, nisaidie. Mfukuze."

"Nimufukuze mara ya pili?" Hapo ndipo alipomtazama. "Jini ya ziwa namujua, nachoma ubani, anarudi kwake. Huyu si wa kufukuza. Weye mwenyewe ulimupatia jina mbele ya watu, ukamupatia mulango, ukamupatia viatu. Iko na nyumba sasa. Mama yako anamupatia chakula? Mara ngapi?"

"Mezani mara sita. Leo ni ya saba."

Mama Stephania aliacha dagaa. "Kimbia, mutoto. Akikula ya saba kwa mukono wa mwenye nyumba, si mugeni tena, ni mutu wa damu. Enda useme yote kwa mama yako, kwa kinywa chako, kabla chakula kiive. Mutu mumoja atatoka mule ndani leo. Nani, miye sijui."

Ni mwendo wa dakika ishirini kupanda. Noel alitumia saa nne. Alikaa juu ya jiwe akipanga maneno, akaanza na Mudathir ndiye mwenye makosa, akayafuta, akaanza na hali ya uchumi, akayafuta. Aliona aibu kusema, kisha akaona aibu kwamba anaona aibu. Alipoinuka, jua lilikuwa limekwisha vuka utosi.

Ukumbini mezani palikuwa na sahani mbili. Moja ilikuwa ya mama yake. Nyingine, mbele ya kiti cha dirishani, ilibaki na miiba tu ya mgebuka, imepangwa pembeni kwa adabu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kiti, tone moja moja, na hakuna aliyeonekana amekikalia.

"Shikamoo, Mama. Nina neno."

"Marahaba. Lete."

Akasema. Alisema habari ya pazia na redio na mpangaji wa uongo, akanyamaza hapo, akitumaini inatosha.

"Malizia," alisema Mama Yusta.

Akamalizia. Pagala, mgambo, boti. Alipofika ufukweni alisema kwa kunong'ona kwamba waliuliza jina lake na yeye alikuwa analo. Matone ya kiti yakasita, kana kwamba kuna mtu amezuia pumzi asikie vizuri.

Mama Yusta aliviringisha kitenge chake mkononi, akakiviringua.

"Aliniambia," alisema. "Siku ile ya kwanza ngazini. Nikamwambia, ngoja kidogo, binti yangu, mwanangu si mtu mbaya, atasema mwenyewe. Kila siku unakuja, unakula, nakutazama. Yeye naye anakutazama. Siku saba, Noel."

"Mama, huyo ni maiti!"

"Nimekuwa nesi miaka thelathini na moja. Maiti namjua." Hakupandisha sauti hata chembe. "Alikuja hana viatu, ananiuliza kama kuna atakayemfukuza. Ulitaka nimjibu nini mimi?"

"Basi tuondoke wote. Tuuze. Nitatafuta mteja, leo leo..."

"Utamwambia mteja nini? Kwamba juu anakaa Madame?"

Noel akatazama miguu yake.

"Sikiliza, mwana wanje. Hii fleti haifai nusu ya bei yake. Nililijua hilo siku ninatia sahihi. Mimi si mjinga, nilinunua neno lako. Shamba la baba yako limekwenda, hata pa kuotesha mchicha sina. Lakini vyumba hivi vitatu ni vyangu, na wa kukaa ndani namchagua mimi." Akainuka, akafungua mlango, akausukuma mpaka ukagonga ukuta. "Toka."

"Mama..."

"Toka, Noel. Polepole tu. Hakuna anayekukimbiza."

Alitoka. Mbele ya ngazi alimkuta Mwalimu Elinipa anakuja na mgeni mwenye mkoba. "Ah, kijana! Nimemleta shemeji yangu, anataka ile ya nne. Nimemwambia juu kuna mtu wa shirika. Yupo leo?"

"Yupo," Noel alisema. Kwa mara ya kwanza tangu aanze udalali, alisema kweli, na hakumtazama mtu usoni.

Alizunguka mjini mpaka taa za mitumbwi zikaanza kuwashwa ziwani. Hakuwa na pengine pa kulala. Akarudi, akasimama mbele ya mlango wa mama yake. Ndani watu wawili walikuwa wanacheka kwa sauti ya chini, na vyombo vikiondolewa mezani. Akagonga.

"Hodi."

Kicheko kikakatika. Nyayo mbichi zikaja hadi nyuma ya mlango, zikasimama, na maji yakaanza kupenya chini ya ubao yakamlowesha vidole.

"Nani?" ilikuwa sauti ya mama yake, kutoka mbali, mezani.

"Mimi, Mama. Mwanao."

Ufunguo ukazungushwa kitasani kutoka ndani, mara mbili, na mama yake akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia:

"Umekosea mlango, baba. Mwanangu yuko ndani."